SUV au Pikapu? Kuchagua Gari la Kuvuta Trela la Kulala

Familia nyingi za Afrika Mashariki zilizoko Marekani na Kanada huanza kuliwaza trela la kulala pale zinapopiga hesabu ya hoteli. Watu sita, vyumba viwili, siku tano, na bado chakula ni cha kununua. Trela lina jiko, friji, choo na vitanda vya watoto. Unapika wali wako, bibi analala kitanda kilekile kila usiku, na nafasi kwenye kambi ya hifadhi ya jimbo ni nafuu kuliko chumba cha hoteli. Kisha linakuja swali la gari, na hapo ndipo watu hukwama.

Hukwama kati ya magari ya aina nne: SUV ya familia ambayo tayari ipo nyumbani, SUV kubwa iliyojengwa juu ya chasisi kama lori, pikapu ya kawaida ambayo Wamarekani huiita ya nusu tani, na pikapu nzito ya robo tatu tani. Yote manne yanaweza kuvuta trela. Kinachotofautiana ni trela la uzito gani, na ndani ya gari kuna nani na kuna nini siku hiyo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Muuzaji atakuonyesha namba ya uwezo wa kuvuta, kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo inayopendeza. Familia yenye watu wengi hukwamishwa na namba nyingine, ndogo zaidi, iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa hiyo nitaanza na hiyo, na nitairudia kwa kila gari.

## Tunapima nini

Uwezo wa kubeba. Fungua mlango wa dereva. Utakuta kibandiko cha matairi na mizigo, chenye sentensi inayosema kwamba uzito wa watu na mizigo kwa jumla usizidi pauni kadhaa. Namba hiyo ni ya gari hilohilo ulilolifungua, wala si ya jina la gari kwa ujumla. Magari mawili ya jina moja na ya mwaka mmoja hutofautiana hata kwa mamia ya pauni, kwa sababu moja lina paa la kioo, viti vya umeme na magurudumu makubwa, na jingine halina. Vilivyofungwa kiwandani vimeshatolewa kwenye namba hiyo. Ngazi za pembeni au kifuniko cha nyuma ulivyoongeza mwenyewe havijatolewa, itabidi uvitoe wewe.

Ndani ya namba hiyo wanaingia watu wote pamoja na dereva, mizigo yote iliyomo garini, na uzito wa shingo ya trela. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Trela la kulala haliburutwi tu nyuma ya gari. Sehemu yake ya mbele inaliegemea gari, na egemeo hilo linatakiwa liwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Likipungua chini ya hapo, trela huanza kuyumba likiwa kwenye kasi, na kuyumba huko kukishakomaa kunaweza kuliangusha gari pamoja nalo. Ndiyo maana si salama kuupunguza uzito wa shingo kwa kusukuma mizigo yote nyuma ya trela. Ni kubadilisha tatizo la springi kwa tatizo la uhai.

Uzito wa kweli wa trela. Tangazo hutaja uzito wa trela tupu. Halafu huwekwa betri, mitungi ya gesi, matandiko, sufuria, viti vya kukunja, nguo za watu sita na chakula. Maji lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 likijaa umeongeza kilo 150, au pauni 330. Njia ya usalama ni kutumia uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye kibandiko cha trela kwa herufi GVWR, na kupiga hesabu kana kwamba utaufikia. Familia kubwa huukaribia.

Uwezo wa kuvuta. Namba inayotangazwa si ya kubuni. Watengenezaji wakubwa hufuata kiwango cha wahandisi wa magari kiitwacho SAE J2807, na moja ya majaribio yake ni kupanda mlima wa Davis Dam huko Arizona, gari likiwa na trela la uzito uliotangazwa, joto likiwa nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, kiyoyozi kikifanya kazi. Lakini jaribio hilo humhesabu dereva na abiria mmoja, kila mmoja pauni 150, na huiweka shingo ya trela kwenye asilimia 10. Watoto watatu na bibi hawamo.

Utulivu barabarani. Hapa tunatazama umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, uzito wa gari lenyewe, ugumu wa springi na upana wa matairi. Trela la kulala ni ukuta unaotembea. Upepo wa ubavuni kwenye tambarare za Kansas au Wyoming, au lori kubwa linalokupita, huusukuma ukuta huo, na trela nalo husukuma mkia wa gari. Gari refu na zito hutikisika kidogo. Gari fupi husukumwa.

Kusimama na kushuka. Breki za trela ni lazima kisheria kuanzia pauni 3,000 katika majimbo mengi, na California huanza kwenye pauni 1,500. Gari nalo linatakiwa liweze kushuka mlima mrefu kwa nguvu ya injini na gia bila dereva kukanyaga breki muda wote hadi ziungue.

Siku zisizo za safari. Safari ni wiki chache kwa mwaka. Zilizobaki gari linapeleka watoto shule, linakwenda kazini na linaegeshwa mjini.

## Hesabu moja kabla ya kulinganisha

Chukua trela la vitanda vya ghorofa vya watoto lenye kikomo cha pauni 7,000, yaani kama kilo 3,175. Ni ukubwa wa kawaida kwa familia. Shingo yake kwa asilimia 13 ni pauni 910. Kiungio chenye vyuma vya kusawazisha uzito, vinavyorudisha sehemu ya egemeo kwenye magurudumu ya mbele, chenyewe kina pauni 90 hivi. Baba pauni 190, mama 160, watoto watatu kwa jumla 270, bibi 150: watu wote ni pauni 770. Nyuma kuna boksi la barafu, mfuko wa mkaa na baiskeli mbili, tuseme pauni 150.

Jumla ni pauni 1,920.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye pikapu ya nusu tani ya daraja la kati, yenye uwezo wa kuvuta pauni 11,000 na kibandiko cha pauni 1,550. Kwa namba ya kuvuta, una akiba ya pauni 4,000. Kwa kibandiko cha mlango, umezidisha pauni 370, ambazo ni kama kilo 168. Ekseli ya nyuma na matairi yake ndivyo vitakavyolipa.

Igeuze hesabu hiyohiyo. Kwenye 1,550 toa watu, mizigo na kiungio, zinabaki pauni 540 za shingo. Gawa kwa 0.13: trela ambalo familia hii inaweza kulivuta kwa pikapu hiyo ni la pauni 4,150 hivi likiwa limeshapakiwa. Hiyo ndiyo hesabu ninayomsihi kila mzazi aifanye kwenye karatasi kabla ya kuingia kwenye yadi ya magari, akiwa na uzito wa kweli wa watu wake na si wa kukisia.

## SUV ya familia yenye safu tatu

Mifano: Toyota Highlander, Honda Pilot, Kia Telluride.

Kubeba. Vibandiko vingi viko kati ya pauni 1,200 na 1,500. Watu wazima wawili na watoto wawili wadogo huacha nafasi ya shingo. Viti vyote vikijaa, hakuna kinachobaki.

Kuvuta. Kikomo cha kawaida ni pauni 5,000, na shingo isizidi 500. Lakini soma kitabu cha gari lako hasa. Pilot inayovuta kwa magurudumu manne ina 5,000, ile ya magurudumu mawili ni 3,500. Highlander ya haibridi ni 3,500. Vitabu vya baadhi ya magari hupunguza uzito wa trela kadiri abiria wanavyoongezeka, vingine huweka kikomo cha upana na urefu wa uso wa trela, na vingine hukataza kabisa vyuma vya kusawazisha uzito. Haya yote yameandikwa, ila yako kurasa za nyuma.

Utulivu. Bodi na chasisi ni kitu kimoja, springi ni laini, na umbali kati ya ekseli ni kama mita 2.9. Kwa trela fupi na la chini, kama yale yenye umbo la tone, gari hutulia vizuri. Kwa trela refu la ukuta wima ningeogopa upepo hata kama uzito unaruhusu.

Kusimama na kushuka. Mara nyingi utahitaji kuongeza waya wa pini saba, unaopeleka umeme kwenye taa na breki za trela, na kidhibiti cha breki hizo. Kwenye milima mirefu angalia joto la injini na la gia boksi, na kubali kwenda polepole.

Siku nyingine. Hakuna lililo bora zaidi kwa shule na kazi, wala kwa mafuta.

Inamfaa familia ya watu watatu au wanne ambayo tayari inalo gari hili, itakayonunua trela lisilozidi pauni 3,500 likiwa na mizigo, na isiyopanga kuvuka Milima ya Rocky kila kiangazi. Kwa familia hiyo, kununua pikapu ni kutupa pesa, na sioni aibu yoyote kwenye trela dogo.

## SUV kubwa

Mifano: Chevrolet Tahoe na Suburban, Ford Expedition, Toyota Sequoia.

Kubeba. Mara nyingi pauni 1,500 hadi 1,800, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Gari lina viti vinane na linakualika uvijaze, kisha kibandiko kinakuambia kwamba watu wanane na trela kubwa havikai pamoja. Familia ya mfano wetu ikipata kibandiko cha 1,700 inabakiwa na pauni 690 za shingo, yaani trela la kama pauni 5,300.

Kuvuta. Pauni 8,000 hadi 9,500 zikiwa na kifurushi cha kuvutia trela kutoka kiwandani. Kifurushi hicho si mapambo: kinaleta upoozaji wa ziada, wakati mwingine meno tofauti ya ekseli ya nyuma, na kidhibiti cha breki. Bila hicho namba hushuka sana. Ukinunua iliyotumika, usiridhike kuona kiungio tu nyuma. Muulize muuzaji orodha ya vifaa vya kiwandani kwa namba ya chasisi.

Utulivu. Tahoe ina mita 3.07 kati ya ekseli, Suburban 3.41. Tofauti hiyo ya futi moja inahisiwa sana trela linapokuwa refu, na kama bei zinakaribiana ningechukua refu. Springi za nyuma zimetengenezwa kwa starehe, kwa hiyo kiungio cha kusawazisha uzito ni cha lazima kwa trela la uzito wa kati, la sivyo mkia unakaa chini, taa zinaangaza miti, na magurudumu ya mbele yanapoteza mkamato.

Kusimama na kushuka. Nzuri. Gia boksi ina hali ya kuvuta inayoshusha gia yenyewe kwenye mteremko.

Siku nyingine. Inakunywa mafuta kuliko SUV ndogo, lakini kila mtu yuko ndani, kwenye kiyoyozi, na mizigo haipati mvua.

Inamfaa yule mwenye watu wengi kweli na trela la wastani. Kama unawasafirisha wazazi waliokuja kutembea kutoka nyumbani, wazee ambao pikapu ndefu kwenda juu inawasumbua magoti, hii ina hoja ambayo namba hazionyeshi.

## Pikapu ya nusu tani

Mifano: Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500, Ram 1500, Toyota Tundra.

Kubeba. Hakuna aina yenye tofauti kubwa kama hii. Pikapu ya daraja la juu kabisa, yenye ngozi, paa la kioo na spika kila kona, inaweza kuwa na kibandiko cha pauni 1,300. Ndugu yake wa kazi, wa viti vya kitambaa, hupita 2,000. Anayelipa zaidi anabeba kidogo. Kwa hiyo ukifika kwenye yadi, fungua milango ya zote zilizopangwa pale, piga picha vibandiko, kisha ndipo uulize rangi na bei.

Familia ya mfano wetu ikipata pikapu yenye kibandiko cha pauni 2,000, trela la 7,000 linawezekana, zikibaki pauni 80. Inatosha kisheria, ila hakuna pumzi. Ningechagua trela lenye kikomo cha 6,000.

Kuvuta. Kuanzia pauni 8,000 hivi hadi zaidi ya 13,000 kulingana na injini na ekseli. Namba ya juu kabisa ya matangazo ni ya muundo mmoja mahususi, na uwezekano mkubwa si huo ulio mbele yako. Kuna pia kikomo cha uzito wa gari na trela kwa pamoja, ambacho herufi zake ni GCWR. Kimo kwenye mwongozo wa kuvuta wa kila mwaka.

Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Kwenye handaki la Eisenhower, barabara ya I-70 huko Colorado, uko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na karibu theluthi ya nguvu imekwenda. Injini yenye tabo huumia kidogo hapo. Kwa mtu wa Denver au Salt Lake City hiki ni kigezo kikubwa. Kwa mtu wa Houston au Columbus si kitu.

Utulivu. Ikiwa na kabini ya milango minne, umbali kati ya ekseli ni kama mita 3.7. Hilo ni zuri. Angalia matairi: ya starehe yana kuta laini na hufanya mkia uchezecheze hata pale uzito unaporuhusiwa.

Kusimama na kushuka. Nzuri, hasa ikiwa na kidhibiti cha breki cha kiwandani na vioo vya kuvutia trela vinavyochomoza pembeni.

Siku nyingine. Kubwa kuegesha, lakini unaweza kuishi nayo. Viti vitano, wakati mwingine sita. Familia ya watu saba haimo, na hapo hesabu imekwisha. Majimbo mengi yanakataza watu kukaa ndani ya trela linapotembea, na hata pale sheria inapokaa kimya, usimruhusu mtoto alale humo njiani. Hakuna mkanda, hakuna mfuko wa hewa, na kuta ni mbao nyembamba na karatasi ya alumini au fibaglasi.

Inamfaa familia ya watu watano au wasiozidi sita na trela la kati, inayotaka gari moja lifanye kazi zote.

## Pikapu nzito

Mifano: Ford F-250, Silverado 2500, Ram 2500.

Kubeba. Za petroli mara nyingi hupita pauni 3,000. Hapa kibandiko huacha kuwa hofu. Trela la mfano wetu na familia yake vinaingia na nafasi inabaki. Ila dizeli inahitaji uangalifu. Injini ya dizeli ni nzito, na pikapu nyingi za robo tatu tani zimewekewa kikomo cha uzito wa jumla cha pauni 10,000 kwa sababu za usajili, hivyo uzito wa injini hukatwa kwenye mzigo. Dizeli yenye starehe nyingi inaweza kuwa na kibandiko kinachokaribia 2,000, sawasawa na nusu tani iliyochaguliwa vizuri.

Kuvuta. Zaidi ya trela lolote la kawaida la familia. Ukitaka trela kubwa linalokaa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu, ambalo huegemeza asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake kwenye gari, utaangukia hapa au juu zaidi.

Utulivu. Bora kuliko zote tatu. Gari ni zito, springi ni ngumu, na matairi ni ya lori.

Kusimama na kushuka. Dizeli yenye breki ya eksozi hushuka mlima mrefu dereva akiwa amegusa pedali mara chache tu. Nimewasikia madereva wa malori wakilisifu jambo hilo moja kuliko nguvu ya kupanda, na nakubaliana nao.

Siku nyingine. Ikiwa tupu inarukaruka, watoto wanalalamika, mlango wa gereji nyingi za nyumbani haufungi ikiwa ndani, na matengenezo ya dizeli yana bei yake. Kununua hii kwa safari mbili za kiangazi ni mzigo wa mwaka mzima.

Inamfaa anayevuta trela la pauni 7,000 kwenda juu, anayesafiri mara nyingi, anayeishi milimani, au ambaye kazi yake tayari inahitaji pikapu ya nguvu.

Pikapu za umeme nazo zinavuta, na kwa utulivu mkubwa, kwa sababu betri huweka uzito chini. Ila umbali wa chaji moja hupungua karibu nusu, na vituo vingi vya kuchaji vinakutaka ufungue trela kwanza. Kwa kambi iliyo karibu na mji hilo si kikwazo.

## Vinavyohitajika kwa gari lolote

Mpira wa chuma wa kiungio uwe na ukubwa ulioandikwa kwenye shingo ya trela; inchi 2 na inchi 2 na 5/16 hukaribiana kwa macho, na kosa hapo hufungua trela barabarani. Minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo. Kebo ya dharura, ile inayofunga breki za trela likichomoka, ifungwe kwenye gari lenyewe na si kwenye mnyororo. Matairi mengi ya trela yana kikomo cha maili 65 kwa saa, na California kila anayevuta anazuiwa kwenye 55. Ujaze upepo matairi yakiwa yamepoa, kwa kipimo cha kibandiko cha trela.

Likianza kuyumba, usikanyage breki za gari kwa nguvu wala usiongeze mwendo. Achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na bonyeza kwa mkono kidhibiti cha breki za trela peke yake mpaka lijinyooshe. Fanya mazoezi ya kukipata kitufe hicho bila kukitazama.

## Kwa hali yako

Kama gari unalo na trela bado, usinunue gari. Chukua kibandiko cha mlango, toa watu na mizigo na kiungio, gawa kinachobaki kwa 0.13, linganisha na kikomo cha kitabu, kisha tafuta trela lililo chini ya namba ndogo kati ya hizo mbili.

Kama trela unalo, labda umerithi au umeuziwa na jirani, anza na GVWR yake na uende kinyume mpaka upate kibandiko unachokihitaji. Kwa trela la 5,000 na watu wanne, nusu tani nyingi na SUV kubwa zinatosha. Kwa 7,000 na watu sita, tafuta nusu tani ya kazi yenye kibandiko cha zaidi ya 2,000, au petroli ya robo tatu tani.

Kama mko saba au wanane, uchaguzi ni SUV kubwa ndefu na trela jepesi, au magari mawili. Magari mawili si anasa. Mizigo na nusu ya watu wakipanda gari la pili, lile linalovuta hupata nafuu mara moja.

Kama huna uhakika familia itaipenda kambi, kodi trela lililoegeshwa tayari kambini kwa wikiendi moja. Kuna wenye matrela wanaolipeleka na kuliondoa wenyewe. Utajua ukubwa mnaouhitaji kabla ya kuingia deni.

Kama uko Ontario, leseni ya kawaida ya daraja G inakuruhusu trela hadi kilo 4,600, kwa hiyo tatizo lako halitakuwa leseni bali kibandiko, kama la wengine.

Na kama vyote viwili vimeshanunuliwa, pakia kila kitu kama siku ya safari, watu wote ndani, nenda kwenye mizani ya malori. Mizani za CAT zipo kwenye vituo vingi vya mafuta vya barabara kuu. Pima gari likiwa na trela, vyuma vya kusawazisha vikiwa vimelegezwa. Kisha liache trela pembeni upime gari peke yake. Uzito wa gari katika pimo la kwanza ukitoa la pili ndio uzito wa shingo. Linganisha ekseli ya nyuma na kikomo chake kwenye mlango. Ukizidi, anza kwa kumwaga maji ya tangi na ujaze kambini. Kuni usizibebe kabisa: hifadhi nyingi hazitaki kuni za kutoka mbali kwa sababu ya wadudu wanaoua miti, na zinauzwa hukohuko. Bado ikizidi, hamisha mizigo ya nyuma ya gari iingie kwenye trela, juu ya ekseli zake, mradi trela lenyewe halijafika kikomo, kisha rudi mizani ukapime tena.